Kihisi cha Sukari na Jiwe la Mizani

Maneno yaliyosemwa katika ukumbi wa hekalu, Ifakara, wakati wa maadhimisho



Kamati imenitaka niseme machache kuhusu afya. Mimi si daktari. Nilimaliza kidato cha nne, nikaingia dukani kwa marehemu baba, na tangu hapo riziki yangu imetokana na mpunga, saruji na misumari. Lakini mke wangu anaishi na kisukari, na amejichoma sindano za insulini kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa miaka mitatu sasa anavaa mkononi kile kidude cheupe cha mviringo ambacho wengi wenu mnakifahamu, kile kinachopima sukari mchana na usiku na kupeleka habari kwenye simu. Wengine hukiita sensa. Mimi nitakiita kihisi. Kila baada ya aarti hujikuta nimezungukwa na watu watano au sita, wote wana swali moja: "Bhai, kidude hiki kinasema kweli?" Nimeona afadhali nijibu mara moja, mbele ya wote.

Swali hili linatugusa zaidi ya tunavyopenda kukiri. Mwaka 1991 ulichapishwa uchunguzi wa Dkt. Kaushik Ramaiya na wenzake, Profesa Swai na Profesa McLarty, kuhusu jamii za Wahindu wa Dar es Salaam. Walionyesha kwamba kisukari kimetuingia sana, na kwamba uzito wake hutofautiana kati ya jamii moja na nyingine ndani ya Uhindu wetu huo huo. Miaka michache kabla ya hapo, baadhi ya watafiti hao walikuwa wamepima watu wa vijijini Tanzania, Mkoa wetu wa Morogoro ukiwemo, wakakuta wenye kisukari ni takriban mmoja tu katika kila mia. Leo majirani zangu wa Kibaoni na Mlabani hawasemi tena kwamba huu ni ugonjwa wa Wahindi. Soda na chapati hazibagui. Na sisi tunaoishi katika bonde linalolima miwa ya viwanda vya Kidatu hatuna haja ya kutafuta sukari mbali.

Sasa tukitazame kifaa chenyewe. Kihisi hakipimi damu. Hili ndilo jambo la kwanza, na nusu ya malalamiko ninayoletewa yangekwisha kama lingefahamika. Chini ya kidude hicho kuna uzi mwembamba mno unaoingia chini ya ngozi kwa milimita chache, nao umekaa katika majimaji yaliyo kati ya chembe za mwili. Uzi huo umepakwa kimeng'enya kinachoitikia sukari na kuzalisha umeme mdogo sana. Umeme huo ndio unaogeuzwa kuwa tarakimu unayoisoma.

Sukari hufika kwenye damu kwanza, halafu ndipo huingia katika majimaji hayo. Watu wa Kilombero hawahitaji kueleweshwa jambo hili kwa maneno mengi. Mvua ikinyesha Udzungwa na maji yakipanda upande wa Mlimba, sisi tuliopo Kivukoni bado tunaona mto umetulia. Maji yatafika, ila kwa wakati wake. Vivyo hivyo kihisi huchelewa nyuma ya damu kwa dakika tano, kumi, pengine kumi na tano. Sukari ikiwa imetulia, kuchelewa huko hakuonekani. Ikiwa inapanda baada ya chakula au inashuka kwa kasi baada ya kazi, damu na kihisi vitatoa tarakimu mbili tofauti, na vyote viwili vitakuwa vinasema kweli, kila kimoja kwa mahali pake. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha asifanye hivyo nusu saa baada ya kula. Asubiri mshale kwenye simu ulale, ndipo atoboe kidole.

Je, tofauti ya kiasi gani ni ya kuvumilia? Hapa nitasema kama mfanyabiashara. Mzani wangu wa mpunga hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Mkaguzi huja na mawe yaliyothibitishwa, huyaweka juu ya mzani, na asipoyaona yanasomeka sawasawa hatoi stika. Haulizi mzani umetoka nchi gani wala uligharimu kiasi gani. Kihisi nacho ni mzani, na jiwe lake ni tone la damu kwenye glukomita. Vihisi vya kisasa hutofautiana na maabara kwa wastani wa asilimia 8 hadi 10, na glukomita yenyewe inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 15. Kwa hiyo anayedai tarakimu mbili zifanane kabisa anadai kisichokuwepo. Kanuni inayotumika sana ni hii: damu ikiwa 5.6 au zaidi, kihisi kisipishane nayo kwa zaidi ya asilimia 20. Damu ikiwa chini ya hapo, tofauti isizidi 1.1. Kihisi kikisema 10 na kidole kikasema 11.5, nenda kazini. Kihisi kikisema 10 na kidole kikasema 6, nawa mikono, pima tena, na ukikuta ni vilevile usichome insulini kwa kufuata kihisi hicho.

Nimesema nawa mikono, na sikusema kwa adabu tu. Mtu aliyegawa prasadi, au aliyemenya embe, akitoboa kidole bila kunawa atapima ladu na embe pamoja na damu yake. Tarakimu itapaa. Nimeshuhudia mzee wetu mmoja akisomeka 19 hapa hapa ukumbini. Aliponawa kwa maji na sabuni na kukausha vidole, akawa na 8. Angejichoma dawa ya 19, angefika nyumbani hajitambui. Jiwe la mizani nalo husafishwa.

Niseme sasa kuhusu usiku, kwa kuwa usiku ndio unaovunja watu moyo. Kihisi hulia saa nane: 2.6, hatari. Nyumba nzima huamka, sukari hukorogwa, na mgonjwa hunyweshwa. Asubuhi anaamka na 17. Mara nyingi sababu ni kwamba mgonjwa alikuwa amelalia mkono wenye kihisi. Uzito wa mwili hukandamiza nyama ya mahali pale, majimaji hayapiti vizuri, na kihisi kinaona ukame ambao haupo mtoni. Nyumbani kwangu imetokea zaidi ya mara moja. Mke wangu hugeuka upande wa pili, huketi kidogo, hutoboa kidole. Damu ikisema 6.8, hurudi kulala, na mimi pia. Dawa yake kubwa ni kukibandika pale ambapo hupendi kulalia. Lakini tafadhali msichukue haya kuwa ruhusa ya kuzima kengele. Kengele ya usiku hujibiwa kwa kidole, kila mara.

Upande wa pili ndio unaonitisha mimi, na ndio ulionifanya nikubali kusimama hapa. Siku moja ya masika, mchana, simu ya mke wangu ilionyesha 7.4 na mshale umelala. Tarakimu nzuri kabisa. Lakini alikuwa akitokwa na jasho kwenye paji la uso, na alipoulizwa bei ya kilo ya sembe, bei anayoitaja mara mia kwa siku, alinyamaza. Mwanangu hakutazama simu. Alichukua glukomita akatoboa kidole: 2.9. Akampa vijiko vitatu vya sukari katika maji, akasubiri dakika kumi na tano, akapima tena kidoleni. Kihisi kile, cha siku ya kwanza, kiliendelea kutuambia kwa saa nzima kwamba mambo ni mazuri. Nasisitiza maneno "siku ya kwanza". Ngozi ikitobolewa hukasirika kidogo, na kihisi kipya huhitaji muda kutulia. Katika saa 24 za mwanzo kiangalieni kama mnavyomwangalia kibarua mgeni dukani: mpe kazi, lakini ufunguo wa kasha ubaki kwako.

Na mtu akiwa na dalili, yaani jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, njaa ya ghafla, mwili na damu vinatangulia kuaminiwa kabla ya simu. Akiwa amezimia, asitiwe kitu mdomoni. Apelekwe hospitali mara moja. Baada ya kumpa sukari anayeweza kumeza, msiendelee kumlisha kwa sababu tu kihisi bado kinaonyesha chini. Kumbukeni mto. Damu imeshapanda, habari haijafika Kivukoni.

Nije kwenye yale yanayotuhusu sisi wa Ifakara zaidi ya wale walioviunda vifaa hivi katika nchi za baridi.

Joto. Tazameni boksi, kuna alama ya kipimajoto yenye tarakimu mbili. Kikomo cha juu cha kuhifadhi, kabla ya kubandika, mara nyingi kipo kati ya nyuzi 25 na 30. Hapa kwetu mwezi Novemba mchana hupita nyuzi 30 bila kutuomba ruhusa. Halafu fikirini safari: boksi limetoka Dar es Salaam katika buti la basi, limeshushwa stendi, limekaa kwenye kibanda cha vifurushi hadi jioni. Kimeng'enya kile hakipendi kupikwa. Mtu akibandika kihisi kama hicho na kikafa siku ya sita badala ya siku ya kumi na nne, hulaumu kiwanda, na pengine kiwanda hakina kosa. Mimi husafirisha vya nyumbani kwangu na abiria ninayemfahamu, ndani ya mkoba wake, juu ya kiti. Nyumbani hukaa katika kopo kavu lenye kifuniko, ndani ya chumba chenye kivuli. Anayetumia friji asikiweke karibu na barafu. Na kwa insulini, nawapa habari njema: watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka walichunguza hali ya joto katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, wakaonyesha mwaka 2021 kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Mtungi wa udongo wenye unyevu, kama ule wa bibi zetu, unasaidia sana kwa hiyo. Lakini msitumbukize kihisi katika mtungi huo. Unyevu ni adui yake.

Jasho na mafuta. Akina ben, mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele, lakini gundi haishiki juu yake. Osha mkono kwa sabuni isiyo na mafuta, pangusa kwa spiriti, acha pakauke kabisa, ndipo ubandike. Ukiongeza plasta juu, usizibe kitundu cha katikati kwa vile vihisi vyenye kitundu. Vijana wanaobeba magunia wabandike mkono ambao gunia haliuburuzi.

Homa. Katika bonde la mbu hili mnafahamu kwamba homa ikija, jambo la kwanza ni kipimo cha malaria na la pili ni parasetamoli. Baadhi ya vihisi, hasa vya matoleo ya zamani, huona parasetamoli na kuidhania sukari, vikasoma juu kuliko ukweli. Vya matoleo mapya huvumilia dozi ya kawaida. Vingine hudanganywa na vidonge vya vitamini C vikizidi miligramu 500 kwa siku, vile ambavyo watu walizoea kuvimeza wakati wa korona na hawajaacha. Karatasi ya ndani ya boksi husema. Someni, au mleteni mjukuu awasomee. Na malaria kali yenyewe inaweza kuishusha sukari, kama inavyofanya kwinini. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari mwenye homa apimwe kidoleni siku nzima, wala asilazwe tu na simu kando yake.

Kuna na mambo ya mzigo kutoka nje. Vihisi vyetu vingi huletwa na ndugu: foi wa Leicester, masi wa Rajkot, kijana aliyeko Dubai. Tunawashukuru. Lakini kisomaji kilichonunuliwa India huandika sukari kwa kipimo kingine. Pale 126 ni sawa na 7.0 ya hapa kwetu. Gawanyeni kwa 18. Familia moja ilikimbia na mzee hadi hospitali kwa sababu ya 110, nayo ilikuwa 6.1, afya tupu. Programu ya simu pia hutolewa kwa nchi, na kihisi cha nchi moja huenda kisikubaliane na programu ya nchi nyingine. Ulizeni kabla foi hajalipa. Kikifa mapema, msikitupe. Pigeni picha namba iliyo kwenye boksi, andikeni siku kilipobandikwa na siku kilipokufa, mtumieni aliyekinunua, yeye ndiye apige simu kwa kampuni. Mara nyingi hurudishiwa kingine. Mfanyabiashara mmoja wa mjini aliwahi kuniuzia maboksi mawili ambayo tarehe ya mwisho ilikuwa imebandikwa stika juu yake. Tangu siku hiyo, hakuna boksi linaloingia kwangu bila kuguswa kwa ukucha.

Namba hizo zina kazi nyingine. Mwezi Novemba 2025 kampuni ya Abbott ilitangaza kwamba baadhi ya vihisi vyake vya Libre 3 na Libre 3 Plus, takriban milioni 3 nchini Marekani pekee, huenda vikasoma chini kuliko ukweli kwa muda mrefu, kutokana na hitilafu katika mstari mmoja wa uzalishaji. Iliripoti vifo 7 duniani vinavyoweza kuhusishwa na tatizo hilo. Mtu akiambiwa daima kwamba sukari iko chini, hula zaidi na kuacha insulini, na mwili huungua polepole. Waliokuwa na namba waliweza kuangalia kama vyao vimo. Aliyetupa boksi alibaki kubahatisha. Sisemi haya ili muogope kampuni hiyo. Imetangaza yenyewe, na vihisi vya aina hizo vimewapa watu wengi usingizi ambao hawakuwa nao. Nasema tu kwamba hata kiwanda kikubwa hukosea mzani.

Kuhusu mfungo nitakuwa mfupi, maana Maharaj atanikazia macho. Ekadashi huja mara mbili kila mwezi wa mwandamo, na Navaratri ni usiku tisa wa kufunga na kucheza garba. Majirani zetu Waislamu wana Ramadhani. Wataalamu wanaoshughulikia kisukari na mfungo wameweka mipaka: sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, mfungo unavunjwa siku hiyo. Mipaka hiyo isomwe kwa damu, hasa katika usiku wa garba, ambapo mwili unacheza, sukari inakimbia kushuka na kihisi kipo nyuma kwa robo saa. Halafu tuambiane ukweli kuhusu farali yetu. Viazi na sabudana ni wanga mtupu. Wapo wanaofunga Ekadashi na sukari yao ikapanda kuliko siku ya pilau. Anayechoma insulini amwone daktari wake wiki moja kabla, si siku yenyewe.

Kuna wazee kati yetu wanaosema kihisi ni utapeli wa kuuza plasta kwa bei ya simu. Siafikiani nao. Kabla ya kihisi, sikujua kwamba sukari ya mke wangu hushuka saa tisa usiku kila anapofunga hesabu za mwisho wa mwezi na kula kidogo. Glukomita isingetuambia hilo, maana nani atatoboa kidole saa tisa usiku siku thelathini? Kuna vijana wanaosema glukomita ni ya kizamani, wakampa mtu. Siafikiani nao zaidi. Na fedha ikiwa haitoshi kwa vyote viwili, kama isivyotosha katika nyumba nyingi za mji huu, nunua vijikaratasi vya glukomita na uache kihisi. Mzani usio na jiwe sitauweka dukani kwangu. Jiwe bila mzani bado linanifaa.

Ndiyo maana nimeiandikia Kamati ombi, nalo litasomwa mkutano mkuu Jumapili ijayo. Naomba sehemu ya mchango wa maadhimisho haya inunue glukomita mbili na vijikaratasi vya kutosha mwaka mmoja, vikae katika kabati la chumba cha nyuma, na ufunguo uwe kwa mlinzi ili mtu apate huduma hata usiku wa manane, awe wa hekalu au jirani. Kuna mtoto wa miaka kumi na mmoja nyuma ya ukuta huu, mwanafunzi wa shule ya msingi, anayechoma insulini tangu akiwa na miaka sita. Mama yake anauza vitumbua. Msamaria alimpa vihisi viwili, vikaisha, na vijikaratasi hana. Naomba pia daftari moja: jina la kihisi, namba, tarehe ya kubandika, tarehe ya kufa, na tofauti na damu siku ya pili. Mji huu umezoea kupima. Tangu Profesa Geigy wa Basel alipofika hapa mwaka 1949, mbu wetu wamehesabiwa kuliko ng'ombe wetu. Daftari la sukari halitatushinda.

Wapo watakaosema fedha hiyo ingepaka rangi lango. Lango nimeliona. Rangi yake inaweza kusubiri Diwali nyingine.

Muuguzi amekwisha kufika. Yupo upande wa kulia, karibu na meza ya maji. Wenye vihisi waje na simu zao, wenye glukomita waje nazo, hata zilizolala kabatini. Tutalinganisha moja baada ya nyingine na kuandika. Sabuni ipo kwenye ndoo mlangoni, na tafadhali, ladu zigawiwe baada ya foleni kwisha. Wazee watangulie.